Per Albin Hansson na Bei ya Siagi

Jina la Olof Palme si geni kwa watu wa visiwa hivi. Waziri Mkuu huyo wa Uswidi, aliyeuawa kwa risasi barabarani mjini Stockholm mwaka 1986, alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere na mtetezi wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wako pia miongoni mwa wasomaji wetu waliosoma Kibaha, katika kituo cha elimu kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki kufuatana na mapatano ya mwaka 1962. Lakini ni wachache wanaojiuliza nchi hizo zilipata wapi uwezo wa kuwajengea wengine shule. Uswidi haikuzaliwa tajiri. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi kufikia mwaka 1930, watu wake zaidi ya milioni moja waliihama, wengi wao wakienda Marekani, kwa kuwa ardhi haikuwatosha na kazi hazikupatikana. Leo tunautumia ukurasa huu kumweleza mtu aliyeishika nchi hiyo kabla ya Palme, katika miaka ya njaa na hofu, naye ni Per Albin Hansson.

Tumemchagua kwa sababu moja kubwa. Aliingia madarakani akiwa hana kura za kutosha bungeni, akataka kuyabadili maisha ya watu maskini, na akafanya hivyo bila ya kuvifunga viwanda wala kuvitaifisha.

Tukisema serikali ya wachache, wengi wetu tutawakumbuka walowezi wa Rhodesia na Makaburu wa Afrika Kusini. Hatuna maana hiyo hapa. Tunakusudia serikali ya chama kilichopata kura nyingi kuliko kila chama kingine, lakini kisichofikia nusu ya viti vya bunge, hata ikawa kila sheria yake lazima iombewe kura kwa wapinzani. Wazee wetu wanaoukumbuka uchaguzi wa Januari 1961 hapa Zanzibar, ambao haukumpa mtu ushindi wa kutawala, ukarudiwa mwezi Juni na damu ikamwagika, hawana haja ya kuelezwa jinsi hesabu ya viti inavyoweza kuifunga nchi mikono.

Per Albin alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1885, nje kidogo ya mji wa Malmö, kusini kabisa ya Uswidi. Baba yake alikuwa mwashi wa matofali. Shule aliisoma miaka minne tu, na alipotimiza umri wa miaka 12 alikuwa tayari kijana wa kutumwa, kisha akawa muuza duka. Elimu nyingine aliipata katika vyama: mwaka 1903, akiwa hajatimiza miaka 18, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa vijana wa Wasoshalisti wa Kidemokrasia, na baadaye akawa mhariri wa magazeti ya chama. Mwaka 1918 aliingia bungeni. Nchi nzima ilimwita kwa majina yake mawili ya mwanzo, Per Albin, bila ya cheo.

Chama chake kilikuwa kimekwisha kuonja utawala mara tatu kabla yake, na kila mara hakikudumu. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kiofisi lakini ndilo kiini cha habari yetu. Uswidi ilikuwa na Tume ya Ukosefu wa Kazi, iliyoundwa mwaka 1914. Mtu asiye na kazi alipewa na Tume hiyo kibarua cha barabara au cha msitu kwa ujira ulio chini ya ule wa kibarua wa kawaida sokoni. Zaidi ya hayo, Tume iliweza kumpeleka mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wamegoma, na akikataa alinyimwa msaada. Yaani mwenye njaa alitumiwa kumvunja nguvu mwenye kudai. Mwaka 1923 serikali ya Hjalmar Branting, kiongozi wa kwanza wa chama hicho, ilianguka kwa jambo hilo. Mwaka 1926 serikali ya Rickard Sandler ikaanguka kwa jambo hilo hilo, baada ya mgomo wa wachimbaji wa mgodi wa Stripa. Katika serikali zote mbili Per Albin alikuwa Waziri wa Ulinzi. Aliona kwa macho yake jinsi chama chenye haki kinavyoshindwa kwa kukosa mwenzi.

Branting alifariki mwaka 1925, na Per Albin akaushika uongozi wa chama. Januari 1928 alisimama bungeni akaifananisha nchi na nyumba njema, isiyo na mtoto wa kambo wala mtoto wa kudekezwa, ambamo mwenye nguvu hamkandamizi mnyonge. Neno hilo la nyumba ya wananchi halikuwa lake peke yake, kwani hata wahafidhina walikuwa wakilitumia. Yeye alilichukua akalijaza maana mpya. Wapiga kura hawakushawishika mara moja. Katika uchaguzi wa mwaka huo huo chama chake kilipoteza viti.

Halafu dunia ikaporomoka. Mdororo ulioanzia Marekani mwaka 1929 uliwafikia Waswidi kupitia mbao, karatasi na chuma, bidhaa walizotegemea kuziuza nje. Mei 1931, katika bonde la Ådalen huko kaskazini, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji waliokuwa wakipinga watu walioletwa kuwavunjia mgomo. Watu watano wakafa. Machi 1932 tajiri Ivar Kreuger, aliyekuwa akiitwa mfalme wa viberiti kwa kuwa kampuni zake zilishika biashara ya viberiti katika nchi nyingi, alikutwa amekufa kwa risasi mjini Paris, na hisa zake zikawa karatasi tupu mikononi mwa watu wengi waliokuwa wameweka akiba zao humo. Ilipogunduliwa kuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Carl Gustaf Ekman, alipokea fedha za Kreuger kwa ajili ya chama chake, ilimlazimu ajiuzulu.

Uchaguzi wa Septemba 1932 ulimpa Per Albin viti 104 kati ya 230 vya baraza la pili la bunge. Vilipungua 12 tu kufikia wingi, lakini mwenye kujua bunge anajua kuwa 12 ni safari ndefu. Watu wasio na kazi walioandikishwa kuomba msaada walizidi 160,000 mwanzoni mwa mwaka 1933, katika nchi ya watu wapatao milioni 6, na nyuma ya kila mmoja palikuwa na mke, watoto na mpangishaji nyumba anayegonga mlango.

Waziri wake wa Fedha, Ernst Wigforss, alikuwa mtaalamu wa lugha aliyejisomea uchumi. Wakati mawaziri wa fedha wa nchi nyingi wakikata matumizi kama mtu anayejikata vidole ili viatu vimtoshe, yeye alipendekeza serikali ikope zaidi ya kroni milioni 100, ijenge barabara, nyumba na madaraja, na iwalipe wajenzi ujira kamili wa sokoni. Deni lingelipwa katika miaka michache kwa kuongeza kodi ya urithi. Mabenki na wenye viwanda walisema hayo ni maangamizi. Wahafidhina walikataa na waliberali wakasita. Kwa hesabu ya bungeni mpango ulikuwa umekufa.

Lakini wakulima nao walikuwa wakiangamia. Bei ya siagi, maziwa na nafaka ilikuwa imeshuka hata mkulima mdogo akashindwa kulipa riba ya shamba lake. Chama cha Wakulima kilikuwa na viti 36, na kilitaka serikali iilinde bei ya mazao dhidi ya bidhaa za kutoka nje. Na hapo ndipo penye mwiba: chama cha Per Albin kwa miaka mingi kilikuwa kimepigania chakula cha bei nafuu kwa wafanyakazi wa mijini. Kumlinda mkulima maana yake ilikuwa ni kumpandishia siagi mke wa mfanyakazi. Wahenga walikwisha kusema kuwa mshika mbili moja humponyoka, na wengi ndani ya chama walimwonya kiongozi wao hivyo hivyo.

Majirani zao wa Denmark walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Januari 1933 Waziri Mkuu Thorvald Stauning alipatana na chama cha wakulima cha kwao, nyumbani kwake Copenhagen. Mei 1933 Per Albin alifanya vivyo hivyo. Ndani ya Chama cha Wakulima, mkulima mmoja wa kusini, Axel Pehrsson wa Bramstorp, alimpuuza mwenyekiti wake mzee akazungumza moja kwa moja na serikali. Mapatano yalikuwa nipe nikupe ya wazi. Wakulima wangeunga mkono kazi za umma kwa ujira wa sokoni. Chama cha wafanyakazi kingeunga mkono ulinzi wa bei za mazao, pamoja na kodi juu ya majarini ili siagi ipate wanunuzi. Wapinzani waliyaita biashara ya ng'ombe, wakimaanisha ujanja wa mnadani ambako kila mmoja huficha anachokijua. Sisi tunaona jina hilo halikuwa la haki. Mnadani aibu ya ng'ombe hufichwa, lakini hapa kila mfanyakazi aliijua bei aliyotozwa, kwa kuwa aliilipa dukani kila alipokwenda kununua majarini.

Na bei hiyo haikuwa ndogo. Majarini ilikuwa chakula cha maskini. Kwa maneno mengine, sehemu ya gharama ya kumwokoa mkulima ilibebwa na familia ya mji iliyokuwa haina uwezo wa kununua siagi hata kabla ya hapo. Per Albin aliamini kuwa baba mwenye kazi ataimudu majarini ya bei ya juu, na baba asiye na kazi hawezi kuimudu hata ya bei ya chini. Tunakubaliana naye, ingawa tunajua ni rahisi kukubaliana kwa mtu asiyekuwako kwenye foleni.

Jaribio zito zaidi lilitoka kwa watu wake mwenyewe. Aprili 1933, kabla hata mapatano hayajakamilika, wafanyakazi wa ujenzi waligoma. Mishahara yao ilikuwa juu kuliko ya wafanyakazi wengi, na waajiri walitaka kuipunguza. Mgomo ulidumu karibu miezi 11. Nyumba na barabara ambazo serikali ilikuwa imezipigania bungeni hazikuweza kuanza, na wakulima, ambao ujira wao wote ulikuwa mdogo kuliko wa fundi wa mjini, walianza kuuliza ni kwa nini walitoa kura zao. Serikali ya wafanyakazi ilifanya nini? Iliwaeleza viongozi wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi kuwa, wasipoumaliza wenyewe, itapeleka bungeni sheria ya usuluhishi wa lazima. Februari 1934 Shirikisho liliwashinikiza wajenzi wakubali masharti ambayo hawakuyataka. Walirudi kazini wakiwa na uchungu, na wengi wao hawakumsamehe. Hatudhani kuna kiongozi aliyetokana na vyama vya wafanyakazi anayeweza kufanya jambo kama hilo usiku akalala usingizi.

Kutokana na mgomo huo, mipango ya kazi haikushika kasi mpaka mwaka 1934, na wachumi wengi wanakubaliana kuwa kupona kwa Uswidi kulitokana zaidi na fedha yake kushuka thamani baada ya kuachana na dhahabu Septemba 1931, na mauzo ya nje kupanda. Hayo ni kweli, na hatutaki kumpamba mtu kwa manyoya ya mwingine. Hata hivyo, kupanda kwa mauzo peke yake kungewatajirisha wenye viwanda na kuwaacha wengine wakitazama. Mapatano yale ndiyo yaliyoamua nani atakaa mezani neema ikirudi.

Ikafuata bima ya ukosefu wa kazi mwaka 1934, iliyopitishwa kwa msaada wa waliberali, nayo ikawa ya hiari na ya kiasi kidogo kwa sababu ndivyo waliberali walivyotaka. Zikafuata nyumba za familia zenye watoto wengi mwaka 1935, msaada kwa wazazi waja wazito mwaka 1937, na likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi wote mwaka 1938. Kila moja ina kisa chake cha kuombewa kura, nasi tunavipita.

Juni 1936 serikali ilianguka katika ugomvi wa pensheni za wazee na gharama za ulinzi. Pehrsson wa Bramstorp akaunda serikali ya wakulima iliyodumu kiangazi kimoja tu, watu wakaiita serikali ya likizo. Septemba mwaka huo Per Albin alirudi na viti 112. Sasa angeweza kutawala peke yake akitegemea kura za vyama vidogo vya mrengo wa kushoto. Badala yake alimwita Pehrsson, yule yule aliyekalia kiti chake miezi mitatu, akampa Wizara ya Kilimo. Mkono aliouomba alipokuwa dhaifu hakuuacha alipopata nguvu, na katika kusoma kwetu habari za viongozi hatukukutana na wengi wa namna hiyo.

Sasa tuseme juu ya wenye mali, maana wako wanaodhani kuwa waliachwa nje. Waliogopa kunyang'anywa, hawakunyang'anywa. Mwaka 1938 Wigforss alibadili kodi ya makampuni, ili kampuni iliyotumia faida yake kununua mitambo mipya iweze kuhesabu uchakavu wa mitambo hiyo haraka kama ipendavyo na kuahirisha kodi. Tajiri aliyegawa faida yake alitozwa. Aliyeirudisha kiwandani aliachiwa. Desemba ya mwaka huo huo, Shirikisho la Wafanyakazi na Shirikisho la Waajiri walitia sahihi mapatano katika hoteli ya Saltsjöbaden, mji wa mapumziko ulio kando ya bahari karibu na Stockholm, uliojengwa na Knut Wallenberg wa ukoo mashuhuri wa mabenki. Walikubaliana jinsi ya kujadiliana kabla ya kugoma au kuwafungia watu nje, ili serikali isiwe na sababu ya kuwatungia sheria. Nchi iliyokuwa mojawapo ya zile zenye migomo mingi kuliko zote ikawa miongoni mwa zile zenye migomo michache. Wasoshalisti wa mrengo mkali waliona kuwa chama kimeuza ahadi yake ya zamani, kwani mabenki na misitu na migodi ilibaki mikononi mwa wale wale. Hawakusema uongo. Mali ya Uswidi ilibaki kwa familia chache, na imebaki hivyo kwa muda mrefu.

Kuna na kivuli kingine kisichoweza kufunikwa. Mwaka 1934, chini ya serikali hiyo hiyo, bunge lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Baadaye ilipanuliwa, na hadi mwaka 1975 watu wapatao 63,000, wengi wao wanawake, walikuwa wamefungwa uzazi, wengi kwa kushinikizwa. Vyama vyote vikubwa viliunga mkono. Nyumba iliyotangazwa kuwa haina mtoto wa kambo ilikuwa na chumba cha nyuma ambacho wageni hawakuonyeshwa.

Vita vilipokuja, Per Albin aliwaambia wananchi Agosti 1939 kuwa matayarisho ya ulinzi ni mazuri. Hayakuwa mazuri, na yeye alijua, kwa kuwa mwenyewe alipokuwa Waziri wa Ulinzi ndiye aliyelipunguza jeshi mwaka 1925. Desemba 1939 alivikusanya vyama vinne katika serikali moja, akaiepusha nchi na vita kwa gharama ambayo majirani zake Wanorwei hawakuisahau: chuma kiliendelea kuuzwa Ujerumani, na tangu mwaka 1940 hadi 1943 askari wa Kijerumani walipita kwa treni katika ardhi ya Uswidi. Tabia ile ile ya nipe nikupe, iliyowalisha watu mwaka 1933, ilionekana sura nyingine ilipokutana na Hitler. Wanahistoria wa kwao hawajamaliza kubishana, nasi hatutawaamulia.

Mwaka 1945 serikali ya vita ilivunjwa na chama chake kikashika madaraka peke yake. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya pensheni kwa wazee wote, mkulima na karani na mvuvi, bila ya mzee kwanza kuthibitisha kuwa ni maskini.

Per Albin aliishi Ålsten, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, katika moja ya nyumba ndogo za safu zilizojengwa katika miaka ya 1930. Kazini alikwenda na kurudi kwa tramu. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1946, alipokuwa akishuka katika kituo cha karibu na nyumbani, alianguka kwa ugonjwa wa moyo akafa pale pale, akiwa na umri wa miaka 60, bado Waziri Mkuu. Pensheni ile ilianza kulipwa Januari 1948.